Mizani ya Chuma

Mimi hupima chuma.
Ndiko ninakochumia riziki, Jamshedpur, lango la tatu:
lori linapanda mizani, naandika tani,
lori linashuka, naandika tena,
nacho kinakwenda kuwa reli, nondo, mlango wa mtu.
Miaka kumi na miwili sijakosea hata kilo.

Nyumbani sikupima.

Sukurmuni alikuwa akipanda ngazi za ghorofa ya pili
akisimama katikati kama aliyesahau kitu.
Nikamwita mvivu, kwa utani.
Usiku alitafuna barafu, krap, krap,
na vikombe vya udongo vya muuza chai
alivivunja akavila pembeni, kama mtoto mwizi wa sukari.
Tukacheka. Mama akasema, huyo ana mimba.
Hakuwa na mimba.
Alikuwa na hedhi ya siku tisa, kila mwezi,
na vitambaa alivyovifua kabla hatujaamka.
Kikulacho ki nguoni mwako:
nguo zilikuwa zake, nasi
tulikuwa tukila.
Mama kwanza, kisha mimi, kisha Duli na kaka yake,
halafu yeye, na mchuzi uliogandia ukingoni mwa sufuria.

Jumanne ya joto, mwezi wa tano,
alikuwa akikata sare za shule, kitambaa cha buluu.
Mkasi ukamdondoka.
Akauokota kwa kushoto, akautazama
kama kitu cha jirani.
Akataka kuniambia jambo, likatoka tope.
Upande wa mdomo ukashuka
kama pazia lililong'oka msumari mmoja.
Miaka ishirini na tisa.
Mimi nilijua kiharusi ni cha mababu,
cha wenye presha na fimbo.
Nikampa maji. Nikampepea. Nikapoteza saa nzima
nikidhani ni jua.

Daktari Mohapatra, mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi,
alilivuta kope la chini kwa kidole gumba.
Tazama, akasema. Nikatazama.
Ndani mlikuwa mweupe kama ganda la yai.
Damu ni nzito kuliko maji;
yake ilikuwa imeanza kufanana nayo.
Gramu sita na nusu, mahali pa kumi na mbili.
Chuma hamna.
Nikamwomba arudie neno hilo.
Chuma.

Ndicho kilichomwangusha?
Hakuapa. Alisema huenda:
damu ikikosa chuma, mara nyingine
chembe za kugandisha huzidi, kama walinzi
walioajiriwa wengi mno wakaliziba lango wenyewe;
na ubongo uliozoea kuletewa hewa kwa kibaba
hauna akiba siku njia inapofungwa.
Wapo wengi wenye damu haba wasiopatwa, akasema,
na wapo wanaopatwa bila hili.
Ila hili lilikuwa na vidonge,
bei yake bei ya biskuti.

Nikarudi kazini. Lori la kwanza, tani thelathini na nne.
Peni ikakataa, au mkono.
Mwili mzima wa mtu, aliniambia daktari mlangoni,
una chuma cha msumari mmoja, labda miwili.
Msumari.
Nami nilikuwa nimekalia mlima.

Sasa anameza kidonge kwa maji ya ndimu,
chai marufuku hadi saa mbili zipite.
Maneno yanarudi moja moja, kwa hiari yao:
kwanza chumvi, kisha Duli, kisha tusi
alilonitupia nilipounguza mchicha.
Tusi lile lilikuwa zima, herufi zote.
Tulicheka, yeye kwa nusu ya uso.
Siku hizi yeye hula kwanza. Mama amezoea,
au amenyamaza.

Mkono wa kulia bado haujaujua mkasi.
Kila usiku nauweka kiganjani mwake, nahesabu
mpaka uanguke.
Jana, saba.
Leo, nne.
Naandika yote mawili.