Chupa ya Saba

Tawi la mkarafuu likitaka kukatika halipigi hodi.
Ngwali alishuka nalo saa tatu na robo asubuhi,
kule Mtambwe, mashada yangali mkononi,
na hesabu yake ya pishi mdomoni: kumi na moja, kumi na…
Damu haikutoka hata tone.
Ndiyo maana wakamlaza kwanza jamvini,
wakampepea kwa upande wa kanga,
wakasema ni kizunguzungu, hakunywa chai.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya Wete.
Mgonjwa simtazami usoni, namtafuta mshipa.
Chupa ya kwanza niliijaza saa saba mchana,
nikaiandika jina, saa, tarehe,
nikaizungusha mashineni mpaka ikajigawa:
chini wekundu, juu maji ya rangi ya samli.
Humo kwenye samli ndimo ninamofanyia udaku wangu.

Maana ubongo una vitu vyake vya nyumbani,
protini zisizojua barabara,
kama wari waliowekwa ndani.
Ukuta ukipasuka hutoka mbio, bila buibui,
zikashuka shingo, zikapita moyoni,
zikafika kiwikoni, mbele ya sindano,
mgeni kama mimi akaziona.

Chupa zilipanda boti kwenda Unguja, ndani ya barafu.
Majibu yalirudi kwa simu.
Zilikuwa nyingi.
Sikuandika "nyingi". Niliandika tarakimu,
kalamu ikatoboa karatasi.

Kwenye chupa ya tatu mkewe, Time, alinishika mkono.
"Wamchota kama kisima, we mwanamke.
Kwetu mtu wa kazi yako ana jina lake."
Nalijua jina. Mumiani.
Bibi yangu alilitumia kutulaza mapema.
Nikamwonesha chupa: kijiko cha chai, hata hakijai.
Akakitazama.
"Na hicho kijiko chasema nini?"
Kichwa chake hakisemi, nikamwambia,
kwa hiyo damu inamsemea.
"Yasema atapona?"
Nikafunga kizibo.

Ya nne ikashuka. Ya tano ikashuka zaidi.
Daktari alipiga mluzi ukumbini.
Lakini ilikuwepo nyingine, ile ya nyuzi ndefu za neva,
ambayo siku ya kwanza haikusema lolote;
yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inapanda,
polepole, kama deni la dukani
ambalo mwenye duka halidai, analiandika tu.
Moto ulikuwa umezimwa.
Mimi nilikuwa nahesabu makuti.

Chupa ya saba aliileta mwenyewe, kwa miguu yake,
mwezi wa tatu tangu aanguke,
kofia imemkaa upande, anacheka, ananiita "mwalimu wa damu".
Jina la mwanawe alilikumbuka. Deni la Faki alilikumbuka pia,
jambo ambalo Faki hakulitegemea.
Na tarakimu zote, moja moja,
zilikuwa zimerudi ndani, zimefunga mlango.
Safi, nikamwambia. Nikampa karatasi.

Time akafungua mkoba, akatoa fumba la gazeti:
karafuu, za shamba lile lile, zawadi yangu.
Chumba kizima kikageuka. Hata spiriti ilinyamaza.
Ngwali alilipokea kabla yangu,
akaliweka puani, akaliweka muda,
kama mtu anayesikiliza simu iliyokatika.
Kisha akanisogezea.
"N'ambie weye," akasema, taratibu,
"hizi zimekauka vizuri?"

Mchumaji. Mwana wa mchumaji.
Barabara yote aliyoijia asubuhi ile ilikuwa imeanikwa karafuu.
Time alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba usiokuwa na kitu.

Nikanusa.
Zimekauka, nikasema. Zimekauka sawasawa.

Walipoondoka niliichukua fomu yake.
Ina safu kumi na nne.
Nilizipitia zote, kutoka juu hadi chini,
halafu kutoka chini hadi juu.