Kofia ya Msumeno

Kofia ya msumeno ilikuwa inaning'inia ukutani,
kwenye msumari, kando ya kalenda ya mwaka juzi.
Niliitundika mimi.
Niliseme hilo kwanza, kabla sijamsema mtu.

Ilikuwa inachelewesha. Ubao mnene hauingii vizuri,
unasukuma, unarudisha, unasukuma,
na lori la Nzega limeshapiga honi mara mbili.
Nikachukua spana namba kumi na tatu, nikalegeza nati.
Bosi aliniona. Hakusema kitu.
Kimya cha bosi nacho ni aina ya amri.

Mninga mbichi ukiukata hutoa maji mekundu.
Wageni hushtuka, sisi hucheka.
Siku ile Nkwabi aliposema "aa", taratibu tu,
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani,
nilidhani ni mninga.

Swichi ya kuzimia ilikuwa ukuta wa pili.
Hatua saba. Nazijua, nilizikimbia.

Vidole viwili. Kitete walimshona vizuri,
lakini kile cha shahada, alichokuwa akitusutia
tukikosea hesabu za futi,
hicho hakikurudi naye Ipuli.

Bosi akaja na daftari la ajali,
jipya, bado linanukia duka.
"Andikeni: uzembe wa mfanyakazi. Mtie saini."
Mti ukitoa damu tunaiita utomvu.
Mtu akitoa damu tunaiita uzembe.

Aliyejibu ni Kalunde, mfagia maranda,
miaka kumi na mmoja leso imemkaa puani
badala ya barakoa, na kikohozi chake
tumekizoea kama saa ya ukutani.
"Kuna karatasi," akasema, "nyuma ya mlango wa ofisi."

Haki na Wajibu, kwa herufi kubwa.
Mlango ukiwa wazi, inabanwa na ukuta.
Mlango ukifungwa, sisi tuko nje.

Akaufunga mlango, sote tukiwa ndani, akasoma kwa sauti:
vifaa vya kujikinga, bila kukatwa mshahara;
kukataa kazi iliyo na hatari ya wazi;
kusema, wala usiadhibiwe kwa kusema.
Tukaanza kunong'ona, vichwa vinainuka.
Akaendelea, hakuwa amemaliza:
mfanyakazi asiondoe kinga ya mashine.
Mnong'ono ukakatika.
Nilitazama viatu vyangu. Vilijaa unga wa mbao.

Nikaomba kalamu.
*Kofia niliiondoa mimi, Mihayo Kasubi.
Bosi aliona. Swichi iko hatua saba.
Kijiti cha kusukumia ubao hatujawahi kupewa.*
"Unajiandikia kufukuzwa," bosi akasema.
Huenda. Lakini nimeandika kwa wino,
na chini yangu Kalunde akatia dole gumba
ingawa kuandika anajua sana.
"Waone vidole," akasema.

Jumatatu tulikaa juu ya magogo, mashine kimya,
kimya hadi tukasikia njiwa kwenye paa la bati.
Lori la Nzega likapiga honi, likachoka.
Saa nne fundi umeme akaja na waya begani.
Barakoa zikaja Alhamisi, nusu ya idadi.
Nusu nyingine tunaidai bado.

Nkwabi alipita jioni moja, mkono kwenye bendeji,
akasimama mbele ya msumeno muda mrefu.
"Umeifunga kwa namba kumi na tatu?"
"Ndiyo."
"Kaza tena. Nati ya kushoto huwa inadanganya."