Mpaka Umepita Jikoni kwa Candiru

Odraka: barabara moja, madaraja mawili,
la pili ni magogo tu.
Kaskazini tumbaku, kusini mafunjo,
magharibi kilima ambacho diwani hakipandi
ila mwaka wa kura.

Tulipopandishwa hadhi kuwa mji
nilipewa rula, kalamu nyekundu, na siku mbili.
Mimi, Onzima, karani wa kata,
nikavuta mstari tangu kisimani hadi kinu cha mihogo.
Ukapita jikoni kwa Candiru.

Sasa anapika Kata ya Juu,
analala Kata ya Chini.
Watoza ushuru wote wawili wanamjua:
huyu anadai jiko, yule anadai kizingiti.
Lakini pampu ilipokatika mnyororo
kila mwenyekiti alinyoosha kidole ng'ambo,
vidole vikakutana juu ya sufuria yake.

Hakuniapiza. Alinisogezea kigoda,
akanipakulia majani ya kunde yaliyoungwa ufuta,
akauliza kwa upole unaouma kuliko tusi:
"Mwanangu, nikifia hapa mlangoni,
kichwa huku, miguu kule,
barua ya maziko ataigonga muhuri nani?"

Nikacheka.
Yeye alikuwa anangoja jibu.

Jana nimeingia ofisini na kifutio.
Ramani iko ukutani, imevishwa plastiki,
imesainiwa na watu wa wilayani wasioijua Odraka.
Kifutio kinateleza.

Nimekaa, nimeandika barua nyingine:
gogo la tatu darajani limeoza.
Hilo, angalau, lina kata moja.