Mgeuza Njia

Saa nane usiku. Treni ya Kigoma inapiga honi,
mabehewa yanagongana hadi huku Isevya,
na baba, mgeuza njia za reli, mstaafu,
anakohoa chumba cha pili kama aliyeitwa zamu.
Nimempakata Nyanzala. Ana siku tisa.
Namtazama kama ninavyotazama sampuli,
na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nilijifunza Morogoro, kwa panya weupe:
mama akiwalamba sana wanawe wiki ya kwanza,
ulimi wake huacha habari ndani ya ubongo.
Herufi za jeni hazibadiliki, ni zilezile.
Kinachobadilika ni methili, chembe ndogo mno,
inayogandia kizingitini mpaka jeni inanyamaza.
Aliyelambwa, kizingiti chake ni cheupe:
vipokezi vya estrojeni vinajaa,
na siku ya kuzaa homoni inapata pa kushukia.
Asiyelambwa naye hufikiwa,
treni ileile, shehena ileile,
ila stesheni haina mpagazi.

Tena homoni ikizidi kukaa, seli hupunguza viti.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Waliosema hivyo hawakuwa na darubini.

Mimi nilizaliwa, mama akalazwa Kitete miezi mitano.
Nikapelekwa Urambo kwa shangazi Kashindye,
mwenye watoto sita na ekari nne za tumbaku.
Nani alipata nafasi ya kunipapasa?
Nani alishika wenzo, akaugeuzia wapi?

Baba amesimama mlangoni, tochi mkononi.
Simulizi yangu ya panya ameisikia yote, kumbe,
nilikuwa nasema kwa sauti.
"Kashindye," anasema, "alikuwa akikufyonza kamasi kwa mdomo.
Mara kumi kwa siku. Vumbi la tumbaku lilikuziba.
Mama yako alipopona akaona wivu,
wiki nzima hakumsemesha."
Kisha akaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Ningeweza kumwambia mtu si panya,
kwamba ushahidi kwa binadamu bado ni haba,
kwamba ubongo wangu hakuna atakayeufungua ahesabu.

Pua ya Nyanzala inakoroma, imeziba.
Treni imeshapita daraja.
Nikainama.
Chumvi.