Viungo

Viungo kwanza, maji baadaye,
mwili ungali haujakakamaa.
Ndivyo alivyonifunza mama, humuhumu Kiungoni.

Bi Mize, nipe kiwiko.
Nakikunja, nakinyoosha, nakikunja.
Ndicho ulichonipiga nacho ubavuni
tukacheka hitimani, tukakatazwa.

Bega la kulia limeshuka:
ndoo, miaka, ndoo.
Vidole bado vinanukia karafuu.
Aliyevipa jina moja
viungo vya mwili na viungo vya pilau
nadhani aliwahi kuosha maiti.

Goti. Ah, goti hili!
Mwaka mzima uliswali kitini, huku ukiona haya:
"Mungu ananionaje, namkalia kitako?"
Nikalisugua kwa mafuta ya nyonyo usiku kucha,
likakataa.
Leo linakunjika kama kanga kuukuu,
halina kinyongo na mtu.

Nyonga tayari. Vifundo vya miguu tayari.
Salha ananyoosha kata ya maji ya mkunazi,
nami nainuka kuipokea.
Goti langu laalika, chumba kizima kinasikia.

Siulizi linamwalika nani.