Safu ya Msiba

Fomu imerudi Jumanne,
imekunjwa mara tatu kama kitenge cha kuazima.
Muhuri wa bluu, sentensi moja:
Upasuaji wa urembo haulipiwi na mfuko.

Urembo.
Mimi Nkwimba, muuza dagaa wa Mwaloni,
ninayelala nimekaa, mito minne mgongoni,
maana nikijinyoosha pumzi hunikimbia
kama mdeni aliyeniona kwa mbali.
Urembo ni haya magoti kwenye ngazi za mawe za Mabatini:
nakaa jiwe la kwanza, nakaa la pili,
watoto wa shule wananipita wakienda
na kunikuta wakirudi.

Miaka kumi na mmoja nimelipa michango.
Nikauliza dirishani, kwa upole,
kijana mwenyewe rika la Masalu wangu:
Sindano za sukari mnalipa?
Tunalipa, mama.
Sukari ikila kidole, kikakatwa?
Tunalipa.
Ikipanda, ukakatwa mguu?
Akafungua kitabu, akateremsha kidole.
Mguu tunalipa. Hadi kwenye paja.
Na tumbo, kulipunguza kabla hatujafika huko?
Akakifunga kitabu taratibu,
kama mtu anayefunika chungu
mgeni asione mboga ni chache.

Basi nikapiga hesabu ninayoijua.
Kisu, kitanda na dawa ya usingizi:
magunia mia na arobaini
ya dagaa wa mbalamwezi, wanaopanda bei.
Wa giza, karabai zikishika vizuri, andika mia mbili.

Benki walitaka hati ya nyumba.
Nyumba yangu imekaa juu ya jabali,
na jabali halina hati.
Mkopo wa simu ulinipa laki mbili,
ukaanza kuniamsha alfajiri kwa jina langu lote.
Mama mkwe akasema:
Tulikutolea ng'ombe kumi na wanne,
wengine kwa ajili ya huo mwili.
Ukiupunguza, warudi wangapi?

Jumamosi, kikoba.
Sanduku la bati, kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopatana,
huo ndio ulinzi wake.
Daftari lina safu: biashara, ada, ujenzi, msiba.
Mama Gaudensia, katibu, kalamu hewani:
Nikuandike wapi?

Limi wa sangara hakujizuia.
Kukopa ili ule, nimesikia.
Kukopa ili usile, ndiyo leo.
Tukacheka. Nami nikacheka,
nikacheka hadi pumzi ikakatika,
nikaishika meza kwa mikono miwili,
nikaona midomo yao inafunga mmoja mmoja.

Gaudensia akaandika. Nikachungulia.
Alikuwa ameniweka kwenye safu ya msiba.
Tungekutolea tu, akasema bila kuinua macho.
Sanda, jeneza pana,
wabebaji wanane badala ya sita, na wote watake chai.
Afadhali utolewe ukiwa bado unasikia matusi yetu.

Limi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta ufunguo.

Ni robo ya bei.
Jumatatu niko Mwaloni, upepo wa ziwa unanuka chumvi ya samaki,
mzani ule ule unaning'inia kwenye gogo lake,
na ule wa chini, wa magunia, umekaa kando.
Nikapima la kwanza, nikalisukuma.
Hapakuwa na mtu anayetazama.
Nikapanda mimi.

Mshale ukaenda, ukaenda,
ukafika mahali pa gunia lililojazwa kwa hila,
ukasimama ukitetemeka.
Nikashuka. Nikaandika kiganjani kwa kalamu ya katibu,
ambayo sikumbuki niliichukua saa ngapi:
yamebaki mia na tano.
Kisha mteja wa kwanza akaja, akashika dagaa wangu, akawanusa,
akasema bei iko juu.
Nikamwambia, ndugu yangu, ungejua.