Wakili Kaenda Kula

Mlango umefungwa. Kibao, kwa chaki:
"Nimekwenda kula. Nitarudi saa kumi."
Isidro alikisoma mara mbili, kama hati yenyewe,
akatazama saa – saa sita na dakika tatu –
akasema, Basi na sisi tukale.

Miaka mitatu maneno yetu yalipitia kwa wakili,
yakapigwa muhuri, yakalipiwa.
Leo wakili ana njaa,
tumeachiwa midomo yetu wenyewe.

Na La Punta yote mbele yetu,
mtaa mwembamba kama ulimi
uliotolewa kuionja bahari.
Ufunguo wa nyumba ya mama ulikuwa mfukoni mwangu,
ukigombana na sarafu.

Kwa Fortunato kuna meza tatu, moja inachechemea.
Kome kumi na wawili kwenye sahani ya bati,
kila mmoja kabebeshwa kitunguu, mahindi, pilipili,
na ndimu ya kufumba jicho moja.
Kumi na wawili kwa watu wawili: hesabu ya mtoto.
Ila Isidro mbele ya chakula hesabu humtoka.
Alikula saba.
Nikampangia maganda yake mezani, moja moja.
Akacheka mdomo umejaa:
Yule wa saba nilimlia baba.

Baba kome walimwasha. Hakuwahi kumla hata mmoja.

Tulitoka tukiwa wazito, bila haraka, bila upande.
Jua la Julai hapa ni deni la mtu mwongo,
kila siku kesho;
ukungu ulikaa juu ya mapaa kama paka aliyeshiba.
Tulipita roshani za mbao zilizokunjamana kwa chumvi,
tukapita kadeti wanne wenye kofia nyeupe
wakigombea barafu moja ya sharubati nyekundu,
tukapita dirisha la Doña Zoraida
aliyekuwa akinyweshea maua na viatu vya wapita njia.
Nyie si wa Herminia?
Ni sisi.
Nyote wawili? Pamoja?
Akatumwagia maji tena, safari hii kwa makusudi, nadhani.

Na nyumba tuliipita.
Mlango bado ni wa buluu ile ya mashua,
rangi iliyobaki kopo la jirani, mama akaiomba.
Hatukusimama. Tulipunguza tu mwendo,
kama watu wanaopita msibani
wasiojua kama walialikwa.
Isidro alisema, Bawaba ya juu imelegea.
Nikasema, Ilikuwa imelegea tangu zamani.
Hayo ndiyo tuliyoyasema.

Barafu tulinunua mbili, ya tunda la pasheni na ya nanasi,
tukabadilishana katikati bila kuulizana.

Ufuo wa hapa hauna mchanga. Ni mawe, mviringo, ya kijivu,
na wimbi likirudi huyaburura
kama mpishi anayemwaga maharage sufuriani,
akaghairi,
akayarudisha yote guniani.
Utotoni tulilala kwa kelele hiyo.
Nilikuwa nimesahau kwamba ni kelele.

Saa kumi na robo.
Mwari mmoja juu ya nguzo, mdomo kifuani,
na chini yake, juu ya mawe,
mtu kalala chali, gazeti usoni,
viatu vimepangwa kando kwa adabu,
soksi ndani ya viatu, miwani ndani ya soksi.
Tai ile tuliijua.
Ni Baltazar Ormeño, wakili wetu sote wawili,
anakoroma kwa mapigo ya bahari.

Nilimwangalia Isidro. Isidro alimwangalia mwari.
Mkono wangu uliingia mfukoni, ukaugusa ufunguo,
ukatoka mtupu.

Tuliketi hatua tano kutoka kwake,
tukitafuta mawe yasiyochoma makalio,
na kwa sauti ya chini, tusije tukamwamsha,
tukaanza upya
kubishana juu ya kome wa saba.